UZI: Vita vya ukombozi wa Msumbiji (1964–1974), tufuate mzigo badala ya risasi

MzeeWaRamani (mwanzisha uzi)

Wakuu, kila ifikapo Septemba 25, siku vita dhidi ya Wareno vilipoanza, orodha inayozunguka mitandaoni ni ile ile: Chai, kifo cha Mondlane, operesheni ya Nó Górdio, Wiriyamu, Mkataba wa Lusaka. Orodha haina kosa, ila haielezi kitu. Haikwambii kwa nini jeshi lililoanza na wapiganaji takriban 250 lilifika 1974 likiwa bado limesimama, wala kwa nini uzito wa vita ulihama kutoka nchi ya Wamakonde ukaenda Tete, mbali kabisa na mahali vilipoanzia.

Hoja ya uzi huu ni moja. Vita hivi viliendeshwa na swali la kila siku: sanduku la risasi linatokaje bandarini Dar es Salaam hadi likafika mikononi mwa mpiganaji, na aliyelibeba kichwani analishwa na nani njiani? Tukio kubwa karibu lote lina jibu la swali hilo ndani yake.

Nianze na mizizi kwa kifupi. Juni 16, 1960, watu walikusanyika Mueda mbele ya gavana wa Cabo Delgado. Viongozi waliotoka Tanganyika, akina Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane, walitaka kuzungumzia uhuru na hali ya wakulima. Wakakamatwa, umati ukapandwa na hasira, askari wakafyatua risasi. Miaka miwili baadaye, Juni 25, 1962, vyama vitatu vya uhamishoni vikaungana Dar es Salaam kuwa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji: MANU, iliyokuwa na mizizi kwa Wamakonde wa Tanganyika na Kenya, UDENAMO iliyozaliwa Rhodesia (Zimbabwe ya leo), na UNAMI ya Nyasaland (Malawi ya leo). Mkutano mkuu wa kwanza ulifanyika Septemba mwaka huo huo. Eduardo Mondlane akawa rais, Uria Simango makamu wake. Kundi la kwanza la vijana lilipelekwa Algeria kwa mafunzo, kisha kambi zikafunguliwa Tanganyika, Kongwa ikiwa miongoni mwa za mwanzo na Nachingwea ikaja kuwa kubwa kuliko zote.

Tuendelee kipande kwa kipande. Mwenye marekebisho ayalete.

Mkaguzi

Naanza mapema basi. Idadi inayotajwa sana ya "zaidi ya 500" waliouawa Mueda ni ya FRELIMO. Watafiti waliofuatilia baadaye wametoa hesabu ndogo zaidi, na ubishi haujaisha. Jambo lisilobishaniwa ni athari yake: baada ya siku ile, habari ilivuka Ruvuma kwa miguu, na vijana wengi wa Kimakonde waliona barua na maombi kwa serikali hayana kazi tena. FRELIMO ilipotafuta wa kujiunga, sehemu hiyo ilikuwa imeiva tayari.

MzeeWaRamani

Sawa kabisa, ahsante.

Sasa Chai. Usiku wa Septemba 25, 1964, kikundi kidogo kilichoongozwa na Alberto Joaquim Chipande kilishambulia kituo cha utawala cha Chai, wilaya ya Macomia. Kijeshi lilikuwa shambulio dogo: kupiga risasi, kusababisha hasara, kuondoka kabla ya msaada kufika. Pande zote mbili zilitoa habari tofauti juu ya hasara yenyewe. Chai ipo kwenye barabara inayounganisha Macomia na Mocímboa da Praia, kwa hiyo ujumbe ulifika haraka: barabara hii si salama tena.

Kuna jambo huwa linarukwa. Mwezi mmoja kabla, Agosti 1964, kikundi cha pembeni kisicho cha FRELIMO kilimuua padri Mholanzi wa misheni ya Nangololo. Wareno wakazinduka, doria zikaongezeka, na vikundi vya FRELIMO vilivyokuwa vimeshaingia ndani vikajikuta vinatembea katika nchi iliyoamshwa. Siri iliyotunzwa kwa miaka miwili ilivuja kwa kosa la watu wengine.

Tena vita havikufunguliwa Cabo Delgado peke yake. Mpango ulihusu pia Niassa, Tete na Zambézia. Cabo Delgado na Niassa zikashika, Tete na Zambézia zikazimika ndani ya muda mfupi. Kwa nini?

PwaniKusini

Jibu ni Malawi. Tazama ramani: ukitoka Tanzania kwenda Tete au Zambézia, Malawi imekaa katikati kama ulimi. Ilipata uhuru Julai 1964, lakini kiongozi wake, Banda, alikuwa na reli na bandari za Wareno shingoni, nchi yake haina bahari. Akachagua kuelewana na Lisbon. Silaha hazikupita, wapiganaji walikamatwa au kunyang'anywa vifaa. Wapiganaji wa Tete na Zambézia walikuwa na ari ile ile ya wenzao wa Cabo Delgado, ila hawakuwa na nyuma. Risasi zikiisha, zimeisha.

Cabo Delgado na Niassa zilikuwa na mto Ruvuma. Ng'ambo ya Ruvuma kuna Tanzania, na Nyerere alikuwa ameshakubali gharama yake.

Kokotoo

Hapo ndipo pa kukaa kidogo, maana watu husema "silaha zilitoka Tanzania" kana kwamba zilitembea zenyewe.

Hatua ya kwanza: meli inashusha Dar es Salaam. Shehena zilipitia mikononi mwa serikali ya Tanzania na Kamati ya Ukombozi ya OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika), iliyokuwa na makao hapo hapo Dar. Hii ilimaanisha foleni na hesabu, kwani kamati ilihudumia vyama vya nchi nyingi.

Hatua ya pili: kwenda kusini. Barabara ya Dar–Lindi ilikatwa na Rufiji, na daraja halikuwepo. Lile la Mkapa limefunguliwa 2003. Magari yalivushwa kwa pantoni, na masika yakija bonde linafurika. Njia mbadala ni bahari hadi Mtwara, ambako kulikuwa na gati ya maji marefu iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza. Mradi huo huo ndio ulioacha majengo na mashamba ya Nachingwea yaliyogeuzwa kambi. Uliacha pia reli, lakini hiyo ilifungwa 1962, miaka miwili kabla ya vita kuanza! Kwa hiyo kutoka Mtwara kwenda juu ni lori.

Hatua ya tatu: kuvuka Ruvuma kwa mtumbwi, usiku. Kiangazi mto unapungua na kuacha mchanga mpana, unavukika kirahisi, ila ndege inakuona kirahisi vile vile. Masika maji ni mengi na mkondo ni mkali, lakini mawingu yanakaa chini na marubani hawaoni kitu. Kila msimu una bei yake.

Hatua ya nne: kichwa na bega. Hapa ndipo hesabu inapouma.

Sanduku la mbao la risasi za AK lina uzito wa takriban kilo 30. Mota ya milimita 82 inakaribia kilo 56, inagawanywa vipande vitatu: mtutu, miguu na sahani ya chini. Kombora lake moja ni kilo 3 na kitu. Kwa maneno mengine mota peke yake ni watu watatu, na makombora 30 ni watu wengine wanne au watano. Makombora 30 kikosi kikiwa na haraka kinayamaliza kwa dakika chache tu.

Sasa chukua wapagazi 100, kila mmoja kilo 20. Ni tani mbili. Safari ya siku 10 kwenda na 10 kurudi, kila mtu akila nusu kilo ya unga kwa siku, anakula kilo 10. Akijibebea chakula chake mwenyewe, nusu ya mzigo ni chakula, na tani mbili zimekuwa moja. Safari ikiwa ya siku 20 kwenda na 20 kurudi, mpagazi anakula kilo zote 20 alizobeba na hafikishi chochote. Hiyo ni hesabu ya darasa la nne, lakini ndiyo iliyotawala vita.

BintiMasasi

Kokotoo, hesabu yako ndiyo inayoeleza kwa nini walipokezana. Mpagazi hakutembea na mzigo mmoja mwanzo hadi mwisho. Alibeba hadi kituo fulani, akawaachia wengine, akarudi. Kila kituo kilihitaji chakula kilicholimwa hapo hapo. Kwa hiyo mashamba ya "maeneo yaliyokombolewa" hayakuwa pambo la propaganda kwa wageni. Bila mihogo na mahindi ya Cabo Delgado, sanduku la risasi halitoki ukingoni mwa Ruvuma.

Na waliobeba wengi walikuwa wanawake. Kile Kikosi cha Wanawake kilichoanza mafunzo Nachingwea 1967 hutajwa kwa picha za bunduki, lakini kazi yake kubwa ilikuwa kusafirisha vifaa, kulinda maeneo ya nyuma, kuhamasisha vijiji vitoe chakula na watu, na kulea watoto waliopoteza wazazi. Josina Machel, aliyefariki Dar es Salaam Aprili 7, 1971 akiwa na miaka 25, alitoka katika kazi hiyo.

NgomeTupu

Swali kwa Binti: mkulima anatoa mahindi yake bure kwa miaka 10? Mzalendo naye anahitaji chumvi.

BintiMasasi

Swali zuri sana, na ndilo lililokaribia kuivunja FRELIMO.

Maduka ya Wareno na Wahindi yalipofungwa vijijini, watu wakakosa chumvi, sabuni, nguo, majembe. FRELIMO ikaanzisha biashara yake: korosho, ufuta na karanga zinavushwa kuja Tanzania, zinauzwa, bidhaa zinarudi. Wapagazi wanaoleta risasi wasirudi mikono mitupu. Ni mfumo mzuri kwa sababu safari zote mbili zina mzigo.

Msimamizi wa biashara hiyo Cabo Delgado alikuwa Lázaro Nkavandame, mwenyekiti wa mkoa. Alikuwa na uzoefu wa kweli, maana miaka ya 1950 aliongoza ushirika wa wakulima wa pamba uliotambuliwa na Wareno. Lakini malalamiko yakaja kwamba bei za madukani ziko juu na wananchi hawaoni thamani ya mazao yao, huku wakubwa wachache wakinufaika. Wapiganaji nao wakawa wanasema wenyeviti wanazuia watu kubeba mizigo ya jeshi. Nkavandame kwa upande wake aliona Wamakonde ndio wanaokufa huku watu wa kusini wakiongoza. Ugomvi husimuliwa kama wa itikadi au ukabila. Ulikuwa hivyo, ila ulianzia kwenye chumvi.

MzeeWaRamani

Naunga hapo ili tuvuke kipindi cha 1966 hadi 1970, kilichojaa vifo.

Oktoba 1966 mkuu wa kwanza wa ulinzi, Filipe Samuel Magaia, aliuawa Niassa kwa risasi ya mmoja wa wapiganaji waliokuwa naye. Samora Machel akashika nafasi. Machel alibadilisha mkazo: Nachingwea ikawa mahali ambapo mtu kutoka kila mkoa alilima, alisoma, alichota maji na kulenga shabaha pamoja na wengine. Kwa kauli ya Mondlane, kufikia 1967 FRELIMO ilikuwa na wapiganaji 8,000 waliofundishwa.

1968 ikawa mwaka wa misukosuko. Machi kulikuwa na vurugu kwenye shule ya Taasisi ya Msumbiji, Dar es Salaam, wanafunzi wakibishania nani aende vitani na nani apewe nafasi ya masomo nje. Mei ofisi ya FRELIMO mjini ilivamiwa na mtu mmoja, Mateus Muthemba, akafa kwa majeraha. Julai mkutano mkuu wa pili ukafanyika Matchedje, Niassa, ndani ya Msumbiji. Kuchagua mahali pale kulikuwa ni hoja yenyewe: wajumbe waliotembea kwenda msituni, ulinzi, chakula cha siku kadhaa, vyote vikapatikana kwenye ardhi ambayo Ureno ilidai inaimiliki.

Februari 3, 1969, Mondlane alifungua kifurushi chenye kitabu katika nyumba ya rafiki, Oyster Bay. Kilikuwa bomu. Mwezi uliofuata Nkavandame akajisalimisha kwa Wareno. FRELIMO ikaweka uongozi wa watu watatu: Simango, Machel na Marcelino dos Santos. Haukudumu. Novemba 1969 Simango akachapisha waraka wa kuwashutumu wenzake, akaondolewa. Mei 1970 Machel akawa rais, dos Santos makamu.

Wareno waliona nini? Adui amempoteza rais na mkuu wa mkoa aliye mbele kabisa katika vita, na makamu amefukuzwa. Kwa jemadari mwenye tamaa, huo ulikuwa wakati wa kupiga.

NgomeTupu

Na jemadari alikuwepo: Kaúlza de Arriaga, amiri jeshi wa Msumbiji tangu Machi 1970. Lakini kabla ya Nó Górdio, operesheni yake kubwa, lazima tueleze tatizo la barabara, vinginevyo operesheni haieleweki.

Jeshi la Ureno lilikula, lilikunywa na kupigana kwa lori. Mueda ipo juu ya uwanda wa juu, na mzigo wake ulitoka Mocímboa da Praia kwa barabara ya udongo. FRELIMO haikuhitaji kuiteka Mueda. Ilitosha kuifanya barabara iwe ghali.

Mabomu yaliyotumika zaidi yalikuwa ya Kisovieti: TM-46 kwa magari, lenye kilo karibu 6 za TNT, na PMD-6 kwa watu, ambalo ni kisanduku cha mbao chenye gramu 200. Kisanduku cha mbao kina chuma kidogo mno, kwa hiyo kile kipimo cha kutambua chuma kinapita juu yake kimya. Wareno wakarudi kwenye fimbo: askari waliitwa *picadores*, wanatembea mbele ya msafara wakichoma udongo hatua kwa hatua kwa kijiti chenye ncha. Nyuma yao inakuja gari la kwanza, kwa kawaida lori la Berliet lililovuliwa milango na boneti, limejazwa viroba vya mchanga, matairi yametiwa maji kupunguza nguvu ya mlipuko. Likaitwa *rebenta-minas*, mlipua-mabomu. Dereva wake alijua kwa nini amepewa gari lile.

Mwendo wa msafara kama huo ni mwendo wa mtu anayechoma ardhi kwa kijiti. Safari ya saa chache inakuwa ya siku kadhaa. Mchoma udongo anachoka, jua linamwingia machoni, anaanza kuruka hatua. Hapo ndipo bomu linapolipuka, na wakati majeruhi wanashughulikiwa, bunduki zinaanza kutoka kichakani. Masika barabara inakuwa tope na hata bila adui lori halitoki.

Umeona kinachotokea? FRELIMO ina mzigo mwepesi unaopita popote. Mreno ana mzigo mzito unaopita mahali pamoja.

Kokotoo

Na risasi moja ya Mreno ilibebwa kutoka Lisbon hadi Mueda kwa meli, ndege na lori lile lile. Mtu akisema FRELIMO ilitegemea msaada wa nje, akumbuke upande wa pili nao ulitegemea mlolongo mrefu zaidi.

NgomeTupu

Nó Górdio sasa. Ilianza Julai 1, 1970 na ilidumu wiki tano hivi. Wanajeshi takriban 8,000: makomandoo, askari wa miavuli, wanamaji wa nchi kavu, mizinga, wahandisi, helikopta za Alouette III na ndege za Fiat G.91. Shabaha zilikuwa kambi kuu tatu za uwanda wa Mueda, zilizojulikana kama Gungunhana, Moçambique na Nampula. Fikra ilikuwa hii: zungushia eneo, ziba njia za kutokea, piga kwa mizinga na ndege, kisha ingia.

Kilichoharibika ni hiki. Kwanza, ili kufikisha mizinga na watu karibu na kambi, ilibidi wahandisi wafyeke njia mpya msituni kwa matingatinga. Tingatinga linasikika kutoka mbali, na njia yake inaonyesha inakoelekea. Pili, mizinga ilipiga kabla ya askari kuingia, ikawa kama kubisha hodi. Tatu, eneo ni pana na vichaka vyake vimefungamana. Kuzungushia kwenye ramani ni mstari, kuzungushia msituni ni matundu kati ya kikosi na kikosi. Wapiganaji wakajigawa vikundi vidogo wakatoka. Wareno walipofika ndani walikuta kambi zimehamwa kwa sehemu kubwa, wakachoma vibanda, wakachukua ghala.

Taarifa yao ilitaja wapiganaji 651 kuuawa na zaidi ya 1,800 kukamatwa, ikakiri vifo 132 vya upande wao.

Mkaguzi

Tusiwe wepesi. Nó Górdio haikuwa bure kabisa kwa Wareno. Maghala yalipotea, tani za risasi zilizobebwa vichwani kwa miezi zikachukuliwa kwa siku chache. Kwa hesabu ya Kokotoo, tani 40 (kiasi ambacho Wareno walidai kukamata) ni safari 2,000 za wapagazi wa kilo 20. Hilo ni pigo, na Cabo Delgado ilipungua makali kwa muda.

Kosa la Kaúlza ni la ulinganifu. Alikusanya vikosi vyake bora pembe moja ya nchi, wakati adui ameshafungua mlango mwingine tangu 1968.

MzeeWaRamani

Ndipo tulipokuwa tunakwenda. Tete.

Machi 8, 1968, FRELIMO ilifungua tena mkoa wa Tete. Tofauti na 1964, safari hii kulikuwa na Zambia, iliyopata uhuru Oktoba 1964. Malawi ikazungukwa. Ona gharama yake: lori linatoka Dar es Salaam hadi Lusaka, karibu kilomita 1,900, sehemu kubwa ikiwa vumbi na tope kwa miaka ile, kisha linageuka mashariki mamia ya kilomita hadi mpaka wa Tete. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ilikuwa haijakamilika. Baada ya hapo ni kichwa na bega tena, kwenda kambi kama Kassuende.

Kwa nini wakubali njia ndefu hivyo? Sababu tatu. Tete ndipo Wareno walipoamua kujenga bwawa la Cahora Bassa. Mkataba ulitiwa saini 1969, umeme wake uende Afrika Kusini kwa nyaya za kilomita 1,400 hivi. Pili, Tete inapitiwa na barabara ya Rhodesia kwenda Malawi. Tatu, ukivuka Zambezi upo karibu na Manica na Sofala, penye mashamba ya walowezi, reli na bandari ya Beira. Mueda ilikuwa mbali na moyo wa uchumi. Unaweza kuishikilia miaka 20 na mji mkuu, Lourenço Marques (Maputo ya leo), usipoteze usingizi.

PwaniKusini

Niongeze kwamba bwawa halikusimamishwa, na wengine hulitumia hilo kusema Tete ilishindwa. Ni kweli ukuta ulikamilika 1974. Lakini tazama ilichogharimu: mabomu ya ardhini kuzunguka eneo la ujenzi, vikosi vilivyofungwa hapo kulinda saruji na mitambo, misafara mikubwa kutoka Beira hadi Songo, penye bwawa, ikitembea kwa ulinzi. Kila askari anayelinda lori la saruji hayupo kulinda mahali pengine. Mwishoni mwa 1970 wapiganaji walikuwa wamevuka Zambezi, na Julai 1972 wakafungua Manica na Sofala. Desemba 1972 ZANLA, jeshi la wapigania uhuru wa Zimbabwe, ikipita njia hizo hizo za FRELIMO Tete, ilishambulia shamba la Altena kaskazini mwa Rhodesia. FRELIMO iliwahi kuwapa ZAPU, chama kingine cha Zimbabwe, nafasi hiyo kwanza, hawakuitumia.

BintiMasasi

Na jibu la Wareno kwa yote hayo lilikuwa kumtenganisha mpiganaji na shamba. Waliwakusanya watu kwenye vijiji vya uzio vilivyoitwa *aldeamentos*. Kufikia mwisho wa vita karibu watu milioni moja walikuwa humo. Mantiki ni ile ile ya hesabu ya unga: ukiondoa mkulima njiani, mpagazi halishwi. Kilichowaponza ni utekelezaji. Vijiji vingi viliwekwa mbali na mashamba, maji hayakutosha, zahanati na shule zilizoahidiwa hazikufika. Mtu aliyeondolewa kwake kwa nguvu hageuki rafiki kwa sababu ya uzio.

Tete mambo yakawa mabaya zaidi. Desemba 16, 1972, makomandoo waliingia Wiriyamu na vijiji jirani vya Chawola na Juwau, si mbali na mji wa Tete, wakaua watu karibu 400, wengi wanawake na watoto. Mapadri wa misheni walikusanya majina, taarifa ikatoka kimya kimya hadi Hispania, na Julai 10, 1973 padri Adrian Hastings akaichapisha katika gazeti la The Times la London, siku chache kabla ya Caetano, waziri mkuu wa Ureno, kufika huko kwa ziara. Orodha ya majina ndiyo iliyofanya kazi. Lisbon ilikana kwamba mahali hapo papo, lakini huwezi kukana majina ya watu mmoja mmoja.

Kokotoo

Kabla ya 1974, watu wa silaha wasisahau jambo moja. Miaka ya mwisho FRELIMO ilipata roketi za milimita 122, kila moja kilo 46 hivi, zenye kufika kilomita 11. Hiyo ni kazi ya wapagazi wawili kwa mlipuko mmoja. Silaha ya aina hiyo huwezi kuitumia kama mnyororo wako wa mizigo si imara. Kwamba ilitumika dhidi ya ngome na viwanja vya ndege inaonyesha jinsi njia zilivyokomaa. Kombora la Strela la begani la kupiga ndege lilifika 1974, karibu na mwisho.

MzeeWaRamani

1974 basi, kwa mfululizo.

Januari: mashambulizi kwenye reli na mauaji ya walowezi karibu na Vila Pery (Chimoio ya leo). Walowezi wa Beira wakaandamana, na hasira yao wakaimwaga kwa jeshi lao wenyewe. Maofisa walitukanwa hadharani kwamba hawapigani. Kumbuka wengi walikuwa kwenye zamu ya pili au ya tatu ya miaka miwili miwili ng'ambo, na zaidi ya nusu ya askari wa Ureno Msumbiji walikuwa wameandikishwa humo humo Msumbiji kwa sababu vijana wa Ureno hawatoshi. Aprili 25 maofisa wa ngazi ya kati wakaipindua serikali Lisbon.

Juni 5 na 6: mazungumzo ya kwanza Lusaka. Mário Soares, waziri wa mambo ya nje wa Ureno, anataka kusitisha mapigano kwanza, Machel anataka uhuru utambuliwe kwanza. Yanakwama. FRELIMO haikunyamazisha bunduki, ikaongeza kasi na kufungua tena Zambézia.

Agosti 1: ngome ya Omar, karibu na Ruvuma, inazingirwa. Wapiganaji wanawaambia askari kwa kipaza sauti kwamba vita vimekwisha, wajisalimishe. Zaidi ya askari 100 wanatoka bila kupigana, wanavushwa mto kupelekwa Nachingwea. Sauti zao zilirekodiwa, na kanda hiyo ikafika mezani kwa wapatanishi wa Ureno Dar es Salaam.

Septemba 7: mkataba unasainiwa Lusaka.

Mkaguzi

Na usiku ule ule walowezi waliteka Radio Clube ya Lourenço Marques, wakashikilia hadi Septemba 10. Waliokufa kwenye vurugu zilizofuata, hasa vitongoji vya Waafrika, walikuwa wengi kuliko katika mapambano mengi ya mwaka huo.

Kwa wanaouliza mkataba ulisema nini hasa: mapigano yasimame saa sita usiku kuamkia Septemba 8, serikali ya mpito yenye waziri mkuu wa FRELIMO, mawaziri sita wa FRELIMO na watatu wa Ureno, kamishna mkuu wa Ureno, tume ya pamoja ya kijeshi, uhuru kamili Juni 25, 1975, siku FRELIMO ilipotimiza miaka 13. Hakuna kura wala kipindi cha majaribio. Joaquim Chissano aliapishwa kuwa waziri mkuu Septemba 20, kamishna akiwa Vítor Crespo.

NgomeTupu

Kuna kipengele cha usafirishaji hapo pia. Baada ya Septemba 8, mizigo ya FRELIMO iliacha vichwa ikapanda ndege na malori ya Wareno. Vikosi vilivyotembea miezi kufika Tete vilisafirishwa kwenda kusini kwa ndege za jeshi lililokuwa likivitafuta. Machel mwenyewe alivuka Ruvuma Mei 1975 na kushuka nchi nzima hadi Lourenço Marques, mkoa kwa mkoa, akafika kabla tu ya bendera kupanda.

Kokotoo

Na wapagazi wakarudi kulima.